Damu ya Baba

“Kunja mkono, mama,” muuguzi alisema tena. “Mficha uchi hazai.”

Mama akacheka kwa adabu, lakini mkono wa blauzi akaushikilia palepale. Chumba cha kutengwa kilikuwa na dirisha lisilofunguka na mlango mzito, na barakoa ilimrudishia pumzi yake mwenyewe usoni. Kitandani alilala mwanawe, Bosi, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuamrisha. Leo hakuamrisha mtu. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda.

“Hii dawa inanipiga mimi,” alinong'ona, “ugonjwa inauacha.” Kisha akasinzia.

Daktari, aliyesimama kando ya kitanda, hakucheka. Vidonge vilivyowasaidia watoto wengine wenye saratani ya damu vilikuwa vimemlaza huyu hoi.

“Kuna watu miili yao huivunja dawa hii polepole,” alieleza. “Inarundikana, inageuka sumu. Ni jambo la kurithi. Ningempima yeye mwenyewe, ila tumemwongezea damu za watu, kipimo kitatudanganya. Kwa hiyo nitawapima mama na baba, nipange dozi kwa majibu yenu. Nikikosea, hataistahimili.”

Baba Bosi, fundi wa kuchomelea vyuma, alimfunika mtoto shuka vizuri. Akaomba radhi, akatoka na simu yake.

“Kutwa anacheza na moto, leo sindano inamkimbiza!” muuguzi akatania.

Jua likahama kwenye kioo, Baba Bosi hajarudi. Mama alibaki na siri yake. Miaka ya ndoa bila mtoto, masimango ya mawifi, halafu kosa moja na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Bosi alipozaliwa, mume alimpakata akalia kwa furaha, naye akaumeza ukweli mzima mzima.

Sasa ulikuwa unataka kutoka. Akinyamaza, watapima damu isiyohusika, na mwanawe atalishwa sumu. Akisema, nyumba imekwisha, na ndugu wawili watatoana roho. Akautazama mlango, akatamani usifunguke kamwe.

Kisha akamtazama mtoto. Nyumba hujengwa tena, alijiambia.

Mlango ukafunguka. Baba Bosi aliingia akihema.

“Baba Bosi,” mama akaanza. “Kabla hawajakutoa damu, kuna jambo...”

“Kunja mkono, mke wangu,” alimjibu kwa upole. “Mtoto anasubiri.”

Akageuka nyuma, akamshika mkono mdogo wake aliyesita mlangoni, macho chini, akamvuta ndani.

“Daktari, baba huyu hapa,” alisema. “Mimi ni baba mkubwa.”