Kuni za Mwaka Huu

Kabla hakujapambazuka, Nola aliisikia mashine ya oksijeni ikihema kando ya mumewe. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka juu ya vilima vya Tasmania, na jiko lilikuwa baridi. Muuguzi alikuwa amekataza kabisa moto wa kuni karibu na mashine ile. Daktari naye alisema mzee hatamaliza mwezi. Nola akamwongezea blanketi la nne.

Asubuhi jirani alileta kuni, kama kila mwaka. Alipoliona tangazo mlangoni la kukataza moto, akavua kofia.

"Sikujua, mama. Nizirudishe?"

"Nani huyo?" mzee aliita. "Mwambie alete moja niione!"

Jirani akaingia, akaiweka kuni mapajani pa mzee. Mzee akainusa, kisha akapitisha kidole polepole kwenye ufa wake.

"Hii imekauka. Mwaka jana uliniletea mbichi, tapeli wewe!"

"Na ulizichoma zote, mzee. Hukurudisha hata moja."

Walicheka mpaka mzee akaishiwa pumzi.

Jirani akatoka, akaanza kuzipanga kuni ukutani, moja moja, kwa unadhifu.

"Za nini sasa?" Nola alimfuata nje, akanong'ona.

"Ananitazama dirishani, mama."

Mzee akagonga kioo. "Hazitoshi hizo! Kesho uje tena."