Kapteni Bado Yuko Zizini

Suhaila alivuka ua mbio, sketi ndefu ameikusanya mkononi. Barua aliyoagizwa aipeleke bila kuichungulia alikuwa ameshaisoma yote.

Kupeleka barua ndiyo kazi yake. Katika nyumba hii ya makumbusho, Toronto, kila Jumamosi wageni huoneshwa maisha ya karne ya kumi na tisa. Bi Clementina, mwandishi, huketi ghorofani na kalamu ya unyoya, akitunga riwaya. Mzee Nicolaus, mchapishaji, yuko ng'ambo ya ua kwenye mtambo wa chapa. Wanaandikiana kuhusu riwaya, na Suhaila ndiye tarishi. Kwa kuwa wote watatu ni Watanzania, barua ni za Kiswahili. Wageni wanapiga picha mwandiko, wanaridhika.

Suhaila alikuwa mpya kazini, lakini macho anayo. Wazee hawa walikuwa wanapendana, na hakuna aliyethubutu kusema.

"Bibi mpendwa," mchapishaji aliandika asubuhi, "wasomaji wanamhurumia Kapteni. Ni kweli alisifu pilau ya jirani mbele ya kanisa zima, lakini amejuta. Mpaka lini mkewe atamlaza zizini? Mgongo unamuuma."

Kapteni wa Kiingereza na pilau, wapi na wapi! Suhaila alicheka peke yake.

Sasa alikuwa amebeba jibu: "Bwana Mchapishaji, Kapteni bado yuko zizini. Huyo jirani amtandikie kitanda."

Mzee Nicolaus aliisoma, akavua miwani, akanywea. Suhaila alimwonea huruma hasa. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Nyumba ikifungwa, hakuna barua tena mpaka theluji iyeyuke.

"Mzee, plizi, achana na Kapteni," alimwambia. "Mama yule umwambie ya moyoni mwako."

"Hanisemeshi, mwanangu. Nje ya barua hizi sipati hata salamu."

"Basi yaandike!"

Mzee alichovya kalamu, akasita, akaandika: "Mwache Kapteni. Ni mimi ninayeomba. Nakupenda, na majira ya baridi siyawezi bila wewe."

Suhaila alipanda ngazi mbilimbili.

Bi Clementina aliisoma taratibu. Akaisoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi: aliinuka, akashuka ngazi na gauni lake la utepe, akawapita wageni na kamera zao, akavuka ua mwenyewe. Suhaila alimfuata nyuma, furaha imemjaa. Alishaanza kuwaza atavaa nini harusini.

Mzee Nicolaus alisimama. Mikono yake ilikuwa na wino mpaka kwenye viwiko.

"Nimeisoma," alisema Bi Clementina. "Haya, Baba Rogers, yaishe. Tukifika nyumbani, mto wako uutoe kwenye kochi uurudishe chumbani."