Mkono Ndani ya Tenga

Tangu asubuhi Nambua alikuwa akimzoesha Togwa, mtoto wa mbwa, kulala ndani ya tenga la kuku. Akilifunika tu, kilio mpaka nyumba ya pili.

"Nikimsikia tena leo, anaondoka," mama mwenye nyumba alishasema, tena bila kucheka.

Nambua akatandika kanga yake kuukuu, akaacha tenga wazi, akaingiza mkono. "Lala basi, bwana mdogo, utatuponza."

Togwa akauzungukazunguka mkono, akaulalia. Kimya.

"Hodi humu!" Mama mwenye nyumba huyo, mlangoni.

Nambua akafungua mdomo aseme karibu, akaufumba. Kumnyamazia mtu mzima ni aibu. Kumwitikia ni kumwamsha Togwa.

"Nambua! Hodi, mwanangu!"

Juu ya kiganja chake, sikio dogo likasimama.