Kovu la Shavu la Kulia

Haya, nakutegea: mama kageukia kulia, wanawe wote wamegeukia kushoto. Nani huyo? Mji wako nautaka, lakini usinipe bado. Hata Makungu alitegewa kitendawili hicho hicho na mkewe, Mwanakheir, mwaka wa hamsini na tano, akakaa nacho siku nyingi bila jibu.

Basi siku moja katika hizo Mwanakheir alikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, akichungulia. Sebuleni shemegi yake, Machano, alikuwa akikunjua karatasi mbele ya Makungu.

"Nimeikuta Darajani kwa fundi wa fremu, wanaume wanapokezana. Mtazame mkeo!"

Karatasini palikuwa na ng'ombe dume anakata bahari, kambeba mwanamke mgongoni, kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani. Hadithi ya Wayunani wa kale. Weusi wa bahari ile ulikuwa wa chengachenga, kama mchanga uliorowa, na Mwanakheir aliujua vizuri. Ni yeye aliyekuwa akimtwangia sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, laini kama unga, yule bibi wa Kizungu wa Shangani ambaye picha zake zinasifiwa mpaka Ulaya. Bibi huinyunyiza juu ya bamba la shaba alilolichora, hulipasha moto, hulitia tindikali, kisha hulipaka wino na kulikandamizia karatasi.

Bibi alipomwomba akae achorwe, alikaa. Mwanamke kwa mwanamke mwenzake, ushungi wa nini? Hakufikiri kwamba karatasi zingetoka nje ya mlango ule.

"Mwache leo hii," alisema Machano. "Ukimweka huyu, mama kasema usikanyage kwake."

Makungu aliipokea karatasi. Alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka kiwanda cha chapa, wino ungali kwenye kucha. Aliipeleka picha dirishani, akaitazama.

"Mwanakheir!"

"Naam."

"Lete kahawa."

Akaingia na sinia. Kovu lake la mafuta ya moto, la tangu utotoni, lilikuwa pale pale, shavu la kushoto.

"Kaka, tazama vyema. Kovu la mke wangu liko kushoto. La huyu wa pichani liko kulia. Wataka nivunje nyumba yangu kwa kovu la kulia?"

Machano akatazama karatasi. Akatazama shavu. Akarudia tena karatasi.

"Astaghfirullah! Shemegi, niwie radhi." Akatoka, hata kahawa hakuionja.

Mwanakheir alibaki kasimama. Mumewe kadanganyika, na siku atakayojua itakuwaje?

"Makungu, mimi..."

Makungu alikuwa akisugua wino vidoleni kwa kipande cha ndimu.

"Kile kitendawili chako sijakujibu," alisema. "Ni bamba la shaba na karatasi zake. Hata sisi kiwandani herufi tunazipanga kinyume."

Akaiinua picha tena, akatabasamu.

"Bibi wako kalipatia kovu."