Saa ya Korongo

Katika chuo cha wanyama, mbio za nyika zilikimbiwa na timu za watano watano, na muda wa timu ulikuwa ule wa atakayefika mwisho. Paa alikuwa mwepesi kuliko wote katika timu yake. Kila asubuhi Ngiri, mzito wa timu, alimwomba, "Kaka, leo tupande mlima pamoja."

"Utaniharibia muda," Paa alimjibu, akapanda peke yake.

Siku ya mashindano Paa alifika wa kwanza, na hakuna aliyempokea. Wenzake watatu wakafika baadaye, wakageuka palepale, wakarudi mlimani kumhimiza Ngiri. Paa akabaki na Korongo, mshika saa.

"Nimetumia muda gani?"

"Bado."

"Kwani mimi sijafika?"

"Umefika wewe. Saa bado inatembea."

Hatimaye wale watatu wakashuka wakiimba, Ngiri katikati yao akihema. Korongo akabonyeza saa, akasoma muda. Timu nyingine zikaucheka, lakini Ngiri hakuwahi kukimbia upesi namna ile, na wenzake wakambeba juujuu.

Paa akasimama kando, akitafuta katika muda ule hata sekunde moja iliyokuwa yake.