Sahihi Mbili

Kwa mara ya nne Agness aliiacha chai yake mezani, akatoka mbio hadi barabarani. Basi lililotoka upande wa Kilosa lilishusha magunia na matenga ya kuku. Mwalimu Gabrieli hakuwamo.

Alirudi hotelini, akaikagua fomu tena. Kesho saa sita mchana ilitakiwa chuoni Dar es Salaam ikiwa na sahihi mbili, ya mwanafunzi na ya msimamizi. Ikipungua hata moja, nafasi ya shahada ya uzamili ya kompyuta ingepewa mtu mwingine. Alijaribu simu yake mpya ya mkononi. Kule Mamboya, mwalimu alikokwenda likizo, mtandao ulikuwa bado haujafika.

Huyu ndiye aliyemfundisha hesabu tangu kidato cha kwanza, na hadi leo, akimwaza tu, Agness hujikuta ameketi wima.

Basi la tano ndilo lililomleta, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Agness. Gari lilikwama njiani. Haya, wenzako idarani wamesemaje?"

"Wamekataa kusimamia, wote watano. Mmoja kasema umri hauruhusu."

Mwalimu alicheka kidogo, lakini aliumia, na Agness akaona aibu kana kwamba kosa ni lake. Haraka akatandaza karatasi zenye mada tatu alizokesha nazo wiki nzima.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma, akazisukuma mbili kando.

"Hii ya mbegu za shamba la Kilangali. Kuna utafiti humu, au ni kazi ya karani?"

"Upo, mwalimu. Wakulima wanapata mbegu mvua imeshapita. Kompyuta ipange nani apelekewe lini, na kwa lori lipi."

"Miaka miwili itatosha?"

"Tukianza mwezi huu."

Mwalimu aliisoma karatasi tena. Nje, basi la Dar es Salaam lilipiga honi, na Agness akaisogeza fomu mbele yake.

"Sawa. Lete kalamu."

Mwalimu Gabrieli alitia sahihi taratibu, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, kwenye mstari wa mwanafunzi. Kisha akaigeuza fomu, akamkabidhi Agness kalamu kwa mikono miwili.

"Bado wewe, mwalimu."