Soli ya Kulia

Fundi aliligeuza buti la kulia, akalisogeza dirishani na kupitisha kidole gumba juu ya soli, kutoka kisigino hadi ncha. Ilikuwa imelika sawasawa. Alirudia mara tatu, kwa sababu miaka kumi na tisa ya kuwatengenezea viatu watoto wenye mtindio wa ubongo haikuwahi kumpa soli kama ile.

"Bibi," alisema, "mjukuu wako sasa anatanguliza kisigino."

Bibi alikuwa kwenye benchi, kimo kama cha mtoto wa shule, ndala zake zikining'inia bila kugusa sakafu. "Anajitahidi," alijibu.

Kliniki ilikuwa na utaratibu wake, na aliyeubuni ni fundi mwenyewe, tena kwa maringo kidogo. Mtoto asibebwe mgongoni njia nzima ya milima. Vije viatu vyake tu, pamoja na karatasi iliyochorwa unyayo. Mtu atakudanganya, alipenda kusema, lakini soli haina mdomo wa kudanganyia. Wenzake walimcheka, kisha wakamwachia.

Mwaka juzi mabuti ya mtoto huyu yalirudi mapya kabisa, kama yametoka mezani jana. Fundi alimwonya bibi bila kuzunguka: kiatu kisicholika hakivaliwi, na asiyevaa hufungiwa faili. Faili ndilo lililompa mtoto dawa za kifafa kila mwezi. Bibi alisema amesikia, akayafunga mabuti kwenye kitambaa na kwenda zake.

Tangu hapo ikawa maajabu. Kwanza soli zilianza kulika. Kisha ile ncha ya kulia, ambayo miaka ya nyuma, alipokuwa akiyavaa, ilichubuka kwa kuburutwa, ikabaki nzima. Namba ya kiatu haikupanda mwaka wa pili huu, lakini watoto hawa hukua polepole, na fundi hakutaka kuichokonoa furaha yake.

"Mke mwenzangu ni mbishi," alisema bibi. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani. "Ukimwambia pumzika, hasikii."

Fundi alilivuta faili. Huyu angekuwa mtoto wa kwanza kuhitimu mikononi mwake. Aliandika: anatembea vizuri, hahitaji tena viatu maalumu. Akagonga muhuri.

"Ndiyo nini hiyo, baba?"

"Tumemaliza, bibi. Sasa anampisha mwenzake. Hongera sana."

"Na dawa?"

"Dawa zinakwenda na faili."

Bibi alimsogezea buti la kulia. "Hebu liangalie tena hilo buti. Pengine bado anaburuta kidogo."

"Haburuti." Fundi alicheka. "Lakini usiwe na wasiwasi. Siku akianza tena, niletee viatu nivione. Faili linafunguliwa siku hiyohiyo."

Bibi alishuka kwenye benchi, akayachukua mabuti, akasahau kuaga. Fundi alidhani ni furaha, maana wengine furaha huwaziba mdomo.

Wiki mbili nzima hakutulia. Alikuwa amesoma soli za watoto miaka yote hiyo, na hajapata kumwona hata mmoja akitembea kama alivyomtakia. Jumamosi alimaliza kushona sandali nyekundu, za kawaida tu, za mtoto asiye na faili popote. Akauliza njia hadi akaifikia nyumba ya mwisho juu ya kilima.

Mlango ulikuwa wazi. Alibisha hodi mara mbili, hakuitikiwa, akaingia. Kwenye godoro chini alilala msichana, magoti yamepandana, vidole vya miguu vimejikunja kama vya ndege, povu limemkaukia shavuni. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Alimtazama fundi, kisha akageuzia macho mlango wa nyuma, ambako kitu kilikuwa kikikwaruza saruji. Hatua moja, mkwaruzo. Hatua moja, mkwaruzo.

Fundi alichungulia, sandali mkononi. Bibi alikuwa akizunguka ua, amevaa mabuti ya kliniki na kamba kuzifunga hadi juu, akijifunza kuburuta mguu wa kulia.